Waniite Mama Shaibu

Newala, Jumanne, 9 Juni. Asubuhi ukungu mzito na baridi; mkorosho wa karibu na jiko hauonekani.

Mpendwa mwanangu Shaibu,

Leo nimefua kanzu yako ya madrasa. Doa la bibo, tunda la mkorosho, bado lipo kifuani. Unakumbuka ulivyoapa kwamba mbuzi ndiye aliyekupaka? Nikauliza mbuzi gani, ukasema, "Yule mweusi wa jirani, mama," na mdomo wako wote unanuka mabibo. Nilitaka kukukaripia, nikacheka mpaka nikakaa chini.

Homa ilipokuchukua, watu walinihurumia kwa namna yao. Huku kwetu mwanamke akishazaa, jina lake la usichana huwekwa kando. Mimi nilirudishiwa langu. Zainabu, umeamkaje, Zainabu, jikaze. Waliogopa kunitonesha. Nikaacha kupika, nikaacha kulima, nikaacha hata kuandika shajara.

Bibi yako Somoe, mama wa baba yako, ndiye aliyenipeleka hospitali kwa muuguzi wa afya ya akili, mama wa makamo kutoka Chiwata. Nilimwamkia.

"Marahaba. Nikuite mama nani?"

Bibi akadakia, "Muite Zainabu tu, mwanangu."

"Bibi, nimemuuliza mwenyewe."

Nikasema, "Mama Shaibu." Kisha nikalia, na muuguzi hakuniambia ninyamaze. Nilipotulia akasema, "Haya, Mama Shaibu, nipe habari za Shaibu." Nikampa ile ya mbuzi. Alicheka kweli, bibi naye akacheka huku anajifuta macho kwa kanga.

Nikawa naenda kila wiki. Nilidhani atanichimbua moyo au atanihubiria. Aliuliza tu nimekula nini, nalala vipi, nani yuko nami nyumbani. Nilipolalamika kwamba nimepalilia kipande kidogo, alisema, "Wiki iliyopita hukushika jembe." Huzuni haikuondoka, mwanangu, ila nilianza kusikia njaa tena.

Likabaki jina. Majirani hawakuwa wagonjwa wa muuguzi, asingeweza kuwaamuru. "Waambie mwenyewe," alisema. "Wanadhani wanakusaidia." Nilishindwa kwa muda mrefu. Jana nikamwambia bibi tukiwa njiani, "Mama, mkiniita Zainabu naona kama sikuzaa." Akaongeza mwendo.

Leo mchana tulikuwa shambani na wanawake wenzetu, tunapalilia chini ya mikorosho. Bibi yako akasimama mwisho wa mstari, akapaza sauti: "Mama Shaibu! Maji yako wapi, unataka tufe kwa kiu?"

Majembe yote yakasimama.

"Abee, mama!" nikaitika, nikamkimbizia kikombe. Alikunywa chote, akanirudishia bila kunitazama. "Ya moto," akasema. Mama mmoja akaguna, "Na sisi je, Mama Shaibu?" Nikawagawia wote.

Pumzika, mwanangu. Wakilitaja jina lako huku, naitika mimi.

Mama yako

Saa tatu na nusu usiku. Usingizi umekuja wenyewe.