Unga Ndani ya Karai

Jumamosi

Na mimi wiki nzima jeep ikikosa nguvu nilikuwa nalaumu esansi ya bidoni, ile petroli ya kuuziwa barabarani!

Leo fundi Sefu amekuja hapa nyumbani, amefungua bomba la moshi la jeep yangu. Ndani ya katalizere, lile boksi linalosafisha moshi, mulikuwa na jiwe lenye matundu kama sega la nyuki. Nusu imepondwa kwa nyundo. Vipande vilivyobaki vimeziba njia yote.

"Mama Aziza, moshi ulikosa pa kutokea," akaniambia. "Moto ukarudi nyuma, na vumbi la jiwe limekwangua silinda. Injini imekufa."

Namujua mutu aliyeiponda. Ni shemeji Amisi, mudogo wa bwana yangu. Aliazima jeep kwenda Lusangi, na wachimbaji wa kule wanasema ndani ya katalizere kuna madini yanayopita dhahabu kwa bei. Aliporudi nilimuona nyuma ya nyumba akiosha unga ndani ya karai, kama muchanga wa dhahabu. Nami nikamuchotea maji!

Jeep ile ndiyo inasomesha watoto wangu. Sasa sijui...

Nikamwambia Sefu arudishe bomba, anyamaze.

Jioni Amisi akaja. Kesho anapeleka mahari kule Wamaza, na amekwisha kuwaambia wakwe kwamba atafika na jeep.

"Shemeji, jeep iko tayari?"

"Iko. Ukuje asubuhi na mbuzi na mashangazi wote. Na uvae suti."

Ufunguo nitamupa kwa mikono miwili, mbele ya mashangazi. Kisha nitaketi barazani nimuangalie akiwasha.