Teke la Afande Kasimu

Jumatatu, 3 Machi
Madaftari arobaini ya kusahihisha, chai imepoa, sura ya tatu imerudi tena. Mhariri anasema Salma wangu ni malaika na Afande Kasimu ni jini, na hakuna msomaji atakayewaamini. Amenipa hadi mwisho wa mwezi, la sivyo riwaya haitoki. Miaka sita ya kuandika! Nimekasirika.

Jumatano, 5 Machi
Nimemsomea Nabirye sura hiyo akinisuka, saluni kwake hapa Nalufenya, Jinja. Pale Kasimu anapopiga mlango teke na kumtoa mjane nje na mtoto wake, nilitegemea apige yowe. Akapiga miayo. "Huyu mutu yako hata chakula hakuli," akasema. "Mimi naogopa mutu mwenye kula."

Amesema kweli. Nimemchukia siku nzima. Nywele zimetoka vizuri lakini.

Alhamisi, 6 Machi
Nikiri hapa, maana hapa hasomi mtu. Kasimu ni Baba Mdogo Ramadhani. Salma ni Mama. Baba alipofariki, Baba Mdogo alikuwa bado jeshini. Akaja akatutoa kwenye nyumba yetu Mbale. Nilikuwa na miaka minne. Teke lile nimesimuliwa na Mama mara nisizoweza kuhesabu. Sijamwona mzee huyo miaka kumi.

Sasa nawaza: adui wangu yu hai, yuko Namatala, huko huko Mbale, anakula. Nami nakaa hapa nambuni! Jumamosi nakwenda. Nimesisimka kama mtoto anayengoja Idi.

Jumamosi, 8 Machi. Mbale
Baba Mdogo amekonda. Anafuga sungura na anawakemea kwa amri za gwaride. Anapuliza chai mara tatu kabla ya kunywa. Shati amelikunja mikono sawasawa, kijeshi. Nimeandika kila kitu, kidole kimeota sugu. Raha tupu.

Kisha akauliza naandika nini. Nikasema hadithi. Akasema kesho nimsomee. Akijitambua, ukoo mzima utasikia, na atakayesemwa ni Mama. Itabidi niichane sura.

Jumapili, 9 Machi
Nimesoma. Kwenye teke niliharakisha. Alikuwa akimkuna sungura mapajani.

"Huyo ni mimi," akasema. Sikukana.

"Lakini mulango sikupiga teke. Nilibisha hodi. Mama yako akasema karibu. Akanipa chai, nikakunywa. Halafu godoro yenu nilifunga mwenyewe, vizuri, isianguke njiani."

Hilo la godoro alilisema kwa fahari. Fahari! Nilimchukia kuliko siku zote, na kwa mara ya kwanza nikamwamini. Huyu ndiye Kasimu niliyemtafuta miaka sita. Radhi hakuomba. Alisema niandike, ila niandike kwamba alibisha.

Njia nzima hadi Jinja nimeandikia magotini. Mwandiko ni wa kuku.

Jumatatu, 10 Machi
Sikulala vizuri. Kama mzee amesema uongo, sura imekufa. Kama amesema kweli, Mama je?

Nimemuuliza akichambua mchele. Hakuinua uso.

"Teke niliweka mimi," akasema. "Niliona haya. Nilimfungulia mwenyewe, na chai nikampa."

Nilitaka kumkumbatia, nilitaka pia kumgombeza. Miaka thelathini ametunza teke ambalo halikupigwa. Kumbe mtunzi wa kwanza nyumbani humu si mimi. Nimekaa naye tukamaliza mchele, halafu nikamwomba ruhusa. Akasema atafikiri.

Jumatano, 12 Machi
Asubuhi, akinipa kikombe changu, Mama amesema niandike. Basi. Nimefundisha vipindi vitatu bila kujua nimefundisha nini.

Ijumaa, 14 Machi
Sura imekwisha. Kasimu anabisha. Salma anasema karibu, anamtafutia kikombe kisicho na ufa. Nabirye aliposikiliza aliacha kusuka, kitana hewani, mteja akalalamika. Nilitaka kucheza pale pale saluni.

Jioni nimemsomea Mama. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani. Akasema nimesahau sukari. Siku ile alimtilia vijiko viwili.

Nimeongeza.