Makochi ya Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi
Mahakama imenikabidhi mimi, mfilisi wake, kiwanda cha samani kilichofilisika. Nimekikuta kitupu: mbao tatu na paka. Mwenyewe kaingia mitini, simu haipatikani. Wadai arobaini wananipigia mimi, kana kwamba ndimi niliyekula pesa zao. Miaka ishirini na mbili kwenye kazi hii, bado natukanwa kwa niaba ya wengine.

Jumatano, 6 Machi
Karani wangu kafukua karatasi za usafirishaji. Wiki mbili kabla ya kufilisika, bosi alivusha mpaka seti ya makochi ya ngozi. Zawadi. Sheria iko wazi – zawadi ya dakika za mwisho hurudishwa, wadai wagawane. Nikasoma jina la mpokeaji. Nikalisoma tena.
Mama mkwe wangu.
Karani akauliza kama namfahamu. Nikaomba maji.

Alhamisi, 7 Machi
Nimemwambia mume wangu. Akasema mama yake ni mjane wa miaka tisa, huyo bosi atamjulia wapi? Kisha akakumbuka kwamba siku hizi Mama anapaka wanja. Akatoka kwenda kuosha gari, ambalo lilikuwa safi.

Ijumaa, 8 Machi
Nimemweleza jaji kwamba mpokeaji ni mkwe wangu, nikaomba nijitoe. Amekataa. Eti hana mwingine anayezijua sheria za nchi zote mbili. Nisimfiche kitu, basi.
Mume wangu kalala amenipa mgongo.

Jumatano, 13 Machi
Mahakama ya ng'ambo imeipitisha amri yetu ya kuyarudisha makochi kwa siku tatu. Kesi zangu nyingine huko zina miaka sita!

Ijumaa, 15 Machi
Nimevuka mpaka asubuhi na dalali wa mahakama, na lori. Mama katupokea kwa bashasha. Karibuni, mwanangu, keti. Tumekaa. Makochi laini ajabu. Dalali nusura asinzie.
Nikamsomea amri yote kama mwanafunzi mbele ya mwalimu. Kasikiliza hadi nukta ya mwisho.
“Sawa, mwanangu, yachukue. Ila msubiri aliyeyaleta, mwagane. Anaoga.”
Anaoga!
Mama kaenda jikoni kuchemsha chai. Naandika haya hapa hapa kwenye kochi, nisimtazame dalali usoni. Bafuni mtu anaimba, tena vizuri. Mume wangu kanitumia ujumbe: Mama hajambo? Nimeandika jibu, nimelifuta, mara tatu.
Mama karudi na sinia. Vikombe vinne.
Maji yamefungwa. Nasikia ndara zinakuja.