Neno la Siri Uliloondoka Nalo

Kaka Sudi,

Sikuulizi hali. Huu ni mwezi wa tatu tangu tukuzike na nina hasira na wewe. Nilisubiri wiki nzima zipungue ndiyo nikuandikie. Hazikupungua.

Jumatatu mashine zote za kompyuta ziligoma, hapa dukani Kariakoo na kule tawi la Magomeni. Kila keshia akifungua programu ya stoo anaambiwa seva, hiyo kompyuta yetu kuu, haiaminiki. Nilianza na saa za mashine, kama ulivyonifundisha uliponipokea kazini. Zilikuwa sawa. Nikazima seva, nikawasha. Wapi! Ndipo nikafungua cheti cha mzizi, kile ulichokitengeneza mwenyewe ili mashine zetu ziitambue seva, nikakuta muda wake umekwisha Jumapili. Ulikipa miaka mitano na hukumwambia mtu. Jina lako liko pale juu, kama mtoaji.

Kutoa kingine kwa jina hilohilo kunataka faili lako la ufunguo, na faili hilo limefungwa kwa neno la siri. Nilikuuliza mara ngapi? "Lipo, Mwaju, nitakupa." Huku unapuliza kahawa yako. Tangu bosi alipoanza kuagiza vipuri Dubai na kutununulia kompyuta, wewe ndiye uliyekuwa unajua kila kitu, na ulipenda iwe hivyo. Nilijaribu jina la binti yako. Nikajaribu timu yako ya Jangwani. Nilijaribu hata jina langu, mjinga mimi.

Wateja wa mikoani wamejaa kaunta, wanafoka. Bosi Jayesh amesimama nyuma yangu, mikono kiunoni: "Marehemu angekuwepo, haya yasingetokea." Msibani alisema kampuni nzima ilikuwa kichwani mwako, watu wakaitikia kwa huzuni. Kweli ilikuwa kichwani mwako, kaka. Tukakizika. Nami nikanyamaza, kwa sababu marehemu hasemwi vibaya. Bosi akanipa mpaka Ijumaa, nikishindwa atafute fundi mwingine.

Basi nikaenda kwa mkeo. Mwanamke yuko eda, mimi naenda kumwuliza neno la siri la kompyuta! Unaijua aibu hiyo? Alidhani nimekuja kukaa naye, akanitandikia mkeka. Nilipouliza akasema, "Mdogo wangu, mimi hata kuumwa kwake hakuniambia. Karatasi za hospitali nimezikuta chini ya godoro."

"Mafua tu," ulituambia sote. Mwaka mzima wa mafua!

Hapo nilikasirika hasa, wala si kwa ajili ya seva. Uliogopa tutakunyang'anya nini? Tungekuuguza, Sudi. Ningekupikia uji, ningekaa zamu yako, ningekusikiliza ukilalamika. Ulitufungia nje sote, na wa kwanza ni mkeo.

Kesho yake nikamwambia bosi mbele ya watu: cheti ni cha marehemu, neno la siri kaondoka nalo, na lawama yake siibebi. Wauzaji wazee wa kaunta waliguna. "Basi anza upya," bosi akasema, "lakini safari hii uandike."

Nimetengeneza cheti kipya. Nimepita mashine moja moja, nafuta chako, naweka kipya, na kila mara mashine inaniuliza kama nina hakika. Ya mwisho ilikuwa yangu, ile uliyonifundishia kazi. Msibani sikulia. Nililia pale, makeshia wananitazama, jina lako liko kwenye kioo. Kisha nikabonyeza ndiyo. Ijumaa asubuhi duka lilikuwa linauza.

Lala, kaka. Nitaendelea kumtembelea mkeo, na sasa nitakaa kwenye huo mkeka bila kuuliza kitu. Neno la siri jipya liko kwenye bahasha kabatini kwa bosi, na Neema wa tawi la Magomeni analijua. Mimi nakuahidi jambo moja ambalo wewe lilikushinda. Siku nikiumwa, nitasema.

Mdogo wako,
Mwajuma