Kaburi Nililomchimbia Alio kwenye Filamu

Iftin,
Garissa.
9 Februari 2025

Mpendwa dada yangu, abaayo Rukiyo,

Assalamu alaikum. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji Bishar na watoto, na kwamba hapo Johannesburg duka linafunguliwa asubuhi na kufungwa jioni bila ya mtu mwingine kulifungua katikati. Sisi tupo. Joto la mwezi huu limewafanya mbuzi wa jirani wagombanie kivuli cha nguzo ya stima. Mama yetu, hooyo, anasumbuliwa na magoti, lakini macho na masikio yake ni mazima kuliko yangu, na hapo ndipo shida ilipoanzia.

Nakuandikia kwa karatasi, tena kwa Kiswahili, kwa makusudi. Ujumbe wowote wa simu kati yetu ni lazima uchezwe mbele yake. Kiswahili hakijui, na Mohamednoor anayekuletea bahasha hii hana tabia ya kufungua vitu vya watu, isipokuwa biskuti.

Ni habari ya ile filamu ya ndugu yetu Alio. Najua mmeiona huko, maana kila Msomali mwenye simu ameiona. Inaanza kwa maandishi meupe yanayosema kwamba imetokana na kisa cha kweli. Imetokana, ndiyo. Hata mimi nimetokana na babu yetu, lakini ukituweka pamoja hutasema ni mtu mmoja.

Yule kijana aliyeigiza Alio ana meno meupe kama ya tangazo la dawa ya meno, na Kiswahili chake ni cha redioni. Alio wetu unamjua. Lori lilikuwa limebeba mbuzi kutoka soko la Griftu, wao wakaweka ngamia kwa sababu ngamia anapendeza kwenye picha. Laga yenyewe, ule mto wa msimu wa mvua, si ile iliyomchukua. Walikuja kuigizia hapa nje ya Garissa, kwa kuwa watu wao wa bima walikataa wasivuke kwenda Wajir.

Hayo yote ningeyameza. Lakini wewe hukuwepo Aprili ile ya 2018, na mengine ulisimuliwa nusunusu, basi nikuambie vile mwalimu Martin alivyoniambia mwenyewe, akiwa bado na tope masikioni. Alikuwa anarudi kwao Meru likizo, amekaa mbele na Alio, na akina mama wawili nyuma yao. Maji yaliposhika magurudumu Alio akazima injini, akamuuliza, “Mwalimu, wewe unajua kuogelea?” Martin akasema hajui. Alio akasema, “Hata mimi.” Basi. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho. Akawapandisha wote watatu juu ya kichwa cha lori, kisha akashuka tena kwenda kufungua mlango wa nyuma, mbuzi wa watu wasife wamefungwa. Mbuzi wengi walitoka. Yeye hakuonekana tena, na siku kumi na moja tulizotembea kufuata ile laga hazikutupa hata kiatu. Tukamswalia swala ya asiyekuwepo, tukarudi.

Kwenye filamu anashuka kumwokoa mtoto. Bosi wao, msichana wa Nairobi anayeitwa Shiko, mpole na mwenye heshima, alinieleza kwamba mtazamaji hatamsamehe mtu aliyekufa kwa ajili ya mbuzi. Nikamwambia mtazamaji huyo hajawahi kuwa na mbuzi. Akacheka, akaandika kwenye daftari, na mtoto akabaki.

Maana mimi nilikuwa nao, abaayo. Hilo sijawahi kukuambia. Waliniajiri niwe mshauri wa mila, cheo nilichokipata bila cheti, kama vyeo vyangu vyote. Nilijiambia kwamba nikiwa pale nitazuia uongo. Nilizuia mdogomdogo.

Mwili haukupatikana, lakini Shiko alisema watazamaji hawawezi kurudishwa nyumbani bila mazishi. Wakachimba kaburi. Nilipofika nikakuta limeelekea barabarani, kwa sababu ya mwanga, na udongo umerundikwa juu kama kitanda, na maua ya plastiki. Nikaona haya. Nikasema kama ni la Mwislamu, lichimbwe la Mwislamu. Nikachukua jembe mwenyewe. Nikaligeuza aliyelala aelekee kibla, nikatoa mwanandani, pale pa kumlaza maiti, nikasimamisha jiwe la kichwani na la miguuni, nikakata miiba nikalifunika nayo juu fisi asifukue. Fisi, abaayo, kwenye kaburi lisilo na kitu. Halafu ikaonekana wazishi ni wachache, Shiko akaniomba nisimame na wenzangu wa msikitini. Nikasimama. Niliinua mikono kwa kuigiza, na kabla sijafika katikati ya dua nikawa nalia kweli. Miaka ile yote nilikuwa sijalia. Hakuna aliyenisimamisha. Walifurahi sana.

Mwezi uliopita Ruweyda wangu, kwa nia njema kabisa, akamwonyesha bibi yake filamu kwenye simu. Ngamia na meno hayakumshughulisha, alisema tu yule kijana si Alio, wamekosea mtu. Lakini alipofika kwenye mazishi akaomba irudishwe. Ikarudishwa mara nne. Nilipotoka dukani nikamkuta ameketi na simu imezimwa mapajani.

Akaniuliza, “Duale, ulimzika mwanangu ukanificha kwa nini?”

Nikamweleza kwamba ni maigizo, kwamba tulilipwa, kwamba mle ndani hamna mtu. Nilieleza hadi maghrib ikaadhiniwa. Alinisikiliza kama anavyomsikiliza mwuza nguo. Kisha akasema, “Kaburi limechimbwa sawasawa. Na wewe ulikuwa unalia. Tangu utoto wako sijakuona unalia uongo.”

Mambo yote ya uongo kwenye filamu ile aliyakataa mwenyewe, moja moja. Akashika hilo moja, kwa kuwa ndilo nililolifanya vizuri.

Tangu hapo akawa ananiuliza kila siku kaburi liko wapi, hadi Ijumaa iliyopita nikakodi gari nikampeleka. Alibaki ndani ya gari, unajua wanawake wetu hawasogei makaburini. Nikaenda peke yangu. Miiba niliyokata ilikuwa imekauka, lakini juu yake kulikuwa na mipya, mibichi. Wachungaji wanaopita hapo wameona kaburi la Mwislamu, wamelitunza. Nikasoma Fatiha, hooyo akinitazama kupitia kioo, na nisingeweza kuifupisha.

Niliporudi alikuwa ametulia. Uso ule sijauona tangu 2018. Njia nzima alizungumza habari za Alio alipokuwa mdogo. Tulipokaribia nyumbani akasema siku yake ikifika tumlaze pale, upande wa mwanawe, na akataka nimwahidi.

Nimeahidi, Rukiyo. Nimemwona hata mzee wa eneo lile kuulizia ardhi, naye akasema hakuna neno, kwani si kuna mtu wetu pale tayari.

Sasa atakupigia simu, atakuambia Alio ameonekana. Wewe ndiye mkubwa wetu. Ukiona haifai mama alazwe kando ya shimo tupu, panda ndege uje umwambie, sitakuzuia wala sitakulaumu. Ila usinitume mimi. Mimi ndiye niliyerudi kutoka kwenye laga siku ya kumi na moja, nikasimama mlangoni, nikamwambia sikumpata. Kumwambia hivyo mara ya pili siwezi.

Msalimie Bishar, na watoto mmoja mmoja. Ruweyda anakusalimu. Mungu awakinge ugenini, na Alio amrehemu popote alipo.

Nduguyo akupendaye,
Duale