Herufi Moja na Nukta

Baba,

Salamu. Nasikia mvua imewahi huko na goti lako limepata nafuu. Mimi ni mzima, ila nina hasira.

Ile makala yangu kuhusu kutu, ule ugonjwa wa ngano, niliyoihangaikia miaka minne, imetoka kwenye jarida la Ulaya. Fomu yao ilidai jina la ukoo. Nikawaandikia: “Kwetu Ethiopia hatuna jina la ukoo. Mimi ni Yeshimebet. Gebeyehu ni baba yangu.” Wakajibu: “Ahsante, Bwana Gebeyehu.” Nikaandika tena mara tatu. Wapi! Wakachapa hivyo hivyo, na sasa wataalamu wanasema Gebeyehu amegundua hili, Gebeyehu ameonya lile.

Gebeyehu! Wewe uliyechoma madaftari yangu jikoni ukisema, “Msichana msomi ataolewa na nani?” Kama si shangazi kunificha kwake, leo ningekuwa wapi? Na juzi huyo huyo shangazi kanipigia simu akicheka: “Wee, baba yako anatamba kilabuni eti jina lake linasomwa Ulaya!”

Haya, tamba. Nimetia ukurasa wa kwanza wa makala humu ndani ya bahasha. Padri Mersha akimaliza kukusomea barua hii, mwambie akushike kidole akiweke pale juu, mbele kidogo ya jina lako. Utagusa herufi moja na nukta.

Hapo ndipo waliponiweka mimi, niliyeiandika.

Binti yako,
Y.