Kanga ya Bi Rehema

Kwako Mama,

Darasani tumeanza vitenzi vishirikishi. Mwalimu alisema havionyeshi tendo. Kazi yao ni kumuunganisha mtu na kile alicho, mahali alipo, au hali aliyonayo. Akaomba mifano. Nilikuwa nayo mingi, lakini sikunyoosha mkono. Unanijua.

Mifano yangu ilitoka dukani kwako. Siku za likizo nilikaa juu ya marobota nikisoma majina ya kanga ulizotundika, na nyingi zilikuwa na "ni" au "si". Wateja wa "ni" mara nyingi walitafuta zawadi. Wateja wa "si" walikuwa na ugomvi na jirani. "We mtoto," uliniambia, "njoo tukunje, kanga hazina mtihani."

Baba ameoa. Mkewe anaitwa Bi Rehema, anashona sare za shule kule mtaa wa Gerezani. Kabla ya harusi Shangazi alisema doti ya kumkaribisha nyumbani lazima itoke kwangu, binti mkubwa, tukaenda wote Kariakoo kuichagua. Hakukawia. Akachomoa iliyoandikwa "Kiti cha mwenzio si chako".

"Hiyo hiyo. Mpe ajisomee."

"Shangazi, si atalia?"

"Alie! Wifi yangu hajasahaulika."

Ni kweli, hujasahaulika. Lakini niliwaza nitakavyokula naye kila siku, amejifunga maneno hayo kiunoni, akijua ni mimi niliyempa. Nikairudisha, nikachukua "Nyumba ni watu". Shangazi akatangulia njia nzima, mimi nyuma na mfuko.

Ijumaa, baada ya wageni kuondoka, Bi Rehema aliikunjua kanga yote, akaisoma. Kisha akaniuliza, Baba akiwa palepale, "Mama yako angeipenda?"

Tangu ufariki, hakuna aliyekutaja mbele ya Baba. Nilimtazama Baba kwanza. Hakuinuka.

"Angeilowesha pembe," nikasema, "aone kama inachuja rangi."

"Basi twende."

Tukaenda bombani, yeye na mavazi yake ya harusi, tukalowesha pembe na kuikamua juu ya beseni jeupe. Maji yalibaki safi. Baba alitoka akasimama mlangoni, akasema wewe ungeirudia mara ya pili, maana ulikuwa huamini kitu. Tukairudia.

Sijamwita mama, naye hajaniomba.

Mungu akulaze pema.

Binti yako mkubwa